Mjomba anapopiga simu msimu wa korosho: kusema hapana bila kuvunja undugu

Swali la msomaji:

“Mimi ni mwanamke wa miaka 36, ni muuguzi, naishi Masasi na mume wangu na watoto wetu wawili. Kwetu ni Newala. Marehemu mama alituachia, mimi na dada yangu, shamba la mikorosho ambalo mjomba hutusaidia kulisimamia. Kila mwaka malipo ya korosho yakishaingia kwenye akaunti yangu, simu huanza. Mara ni mchango wa unyago wa mtoto wa binamu, mara ni mabati, mara ni deni la mtu nisiyemfahamu. Mwanzoni hukataa, lakini mjomba akipiga mara ya tatu au ya nne na kunikumbusha kwamba yeye ndiye aliyenisomesha, hutuma, tena na ya kutolea. Mwaka jana nilituma shilingi 400,000 zilizokuwa za ada ya mwanangu, kisha nikakopa kausha damu, mkopo wa riba kubwa, ili kuziba pengo. Dada yangu naye huniletea watoto wake kila likizo. Hunipigia simu wakiwa tayari ndani ya basi. Nilikaa kimya miaka yote, halafu siku moja nikamfokea mbele ya watoto. Wiki ileile nikamtumia pesa kwa sababu niliona nimemkosea. Mume wangu amechoka na mambo haya. Amesema kuanzia sasa kadi yangu ya benki na simu yangu atashika yeye ili ndugu wasinisumbue. Silali vizuri. Nitasemaje hapana bila kuonekana nimewatupa ndugu zangu, na bila kukosa radhi za mjomba?”

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninaona kwamba kinachokusumbua zaidi si fedha. Unaogopa kwamba siku utakayosema hapana na ukashikilia hapohapo, utakuwa mtu asiye na kwao. Hofu hiyo ina msingi, na sitakuambia uipuuze. Umeeleza pia jambo la mume wako kwa sentensi mbili tu, kana kwamba ni nyongeza. Nitalijibu peke yake baadaye, kwa sababu halifanani na mengine, na ninakuomba ulisome hata kama utaruka yaliyotangulia.

Nianze na dhana ambayo huwazuia watu wengi wa huku kusini kulizungumza jambo hili, yaani kwamba kuweka mipaka ni tabia ya watu wa mbali wanaoishi kila mtu na lake. Ni kweli kwamba wataalamu wengi walioandika juu ya mipaka ndani ya familia walifanya kazi zao ughaibuni. Mmoja wao, Salvador Minuchin, daktari aliyezaliwa Argentina na kufanya kazi kwa miaka mingi Marekani, alieleza kwamba familia hupata shida pande zote mbili: pale ambapo ukuta kati ya watu ni mgumu mno kiasi kwamba hakuna anayefikiwa na mwenzake, na pale ambapo hakuna mpaka kabisa, hivi kwamba kila jambo la mmoja linakuwa la wote. Alichokitafuta kwa familia alizozitibu ni hali ya katikati, ambamo watu wanafikiana kwa urahisi na bado kila mmoja anajua lililo lake. Lakini mtu aliyekulia Newala hahitaji daktari kutoka Marekani amfundishe hilo. Mgeni hupiga hodi na kusubiri karibu, hata mlango ukiwa wazi. Mkwe na mkwewe wana namna yao ya kuketi na kusemezana. Mtani anaruhusiwa neno ambalo mtu mwingine akilitamka msibani atafukuzwa. Jamii zetu zimejaa mipaka. Kilichokosekana ni kanuni ya mambo mapya, kama vile mshahara wa kila mwezi na simu inayoweza kuhamisha shilingi 400,000 kwa dakika moja wakati uko zamu ya usiku.

Dhana ya pili ni kwamba kuweka mpaka ni kumwamuru mwenzako abadilike. Hapa ndipo wengi hujaribu, hushindwa, na kuhitimisha kwamba mipaka haifanyi kazi. Ukimwambia mjomba “acha kuniomba fedha,” umeweka jambo lako mikononi mwake, kwa maana yeye ndiye atakayeamua kama ataacha au hataacha. Ukimwambia “nitatoa kiasi hiki, siku hii, na zaidi ya hapo sitatoa,” umezungumza juu ya mkono wako mwenyewe. Yeye ana haki ya kuomba, na hata ya kuomba tena kesho. Wewe una haki ya kujibu lilelile ulilojibu jana. Mpaka unaotegemea utii wa mwingine ni ombi tu, nalo linaweza kukataliwa.

Sasa tumtendee haki mjomba. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo umehesabiwa kwa mama tangu zamani, na kaka wa mama ndiye aliyebeba dhamana ya watoto wa dada zake: ndoa zao, ugomvi wao, shughuli zao za jando na unyago. Mambo yamebadilika kwa dini, kwa shule na kwa sheria, lakini katika nyumba nyingi za Newala, Tandahimba na Masasi neno la mjomba bado ni zito. Nafasi yake humfanya awe mlango ambao kila mwenye shida katika ukoo huupitia. Anapokupigia simu kuhusu deni la mtu usiyemfahamu, huenda mtu huyo ameketi barazani kwake tangu asubuhi. Mjomba naye hajui kusema hapana.

Lipo pia suala la namna fedha zinavyoingia. Mkulima wa korosho hupata fedha yake kubwa mara moja kwa mwaka, minada ikianza mwezi Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au zaidi kidogo, baada ya mzigo kupita chama cha msingi cha ushirika na ghala kuu. Wewe una mshahara, na juu ya mshahara una korosho. Katika ukoo wa wakulima, mtu mwenye kipato cha kila mwezi hugeuka kuwa benki ya wote, bila ya yeyote kukaa na kupanga iwe hivyo. Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri unaotolewa kirahisi siku hizi, kwamba uzuie namba zao na uendelee na maisha yako. Ndugu hao ndio watakaokuja kukuuguza, ndio watakaochimba kaburi. Undugu ndiyo bima ambayo watu wa Kusini wameitegemea kwa vizazi. Swali la maana ni jinsi ya kubaki ndani yake bila kufilisika na bila kuugua.

Ili ujibu swali hilo, inafaa uelewe kwa nini mambo yamekwama mahali yalipokwama.

Umeandika kwamba hukataa mwanzoni, kisha hutuma simu ya tatu au ya nne. Tazama jambo hilo kwa upande wa mpigaji. Amejifunza, bila hila yoyote, kwamba hapana yako ya kwanza haina maana, wala ya pili, na kwamba anayeendelea kupiga hupata. Mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake walionyesha, kwa majaribio mengi ya maabara yaliyofanywa katikati ya karne iliyopita, kwamba tabia inayotuzwa mara mojamoja tu, bila mpangilio unaotabirika, ni ngumu kufa kuliko tabia inayotuzwa kila mara. Mvuvi wa Mikindani hurudi baharini kwa sababu hiyohiyo: jana hakupata kitu, lakini juzi alipata. Kwa maana hiyo, kukataa mara tatu na kukubali mara ya nne ni kubaya kuliko kukubali mara ya kwanza. Ungekubali mara ya kwanza, angalau usingemfundisha mtu kukusukuma.

Na wewe pia umefundishwa. Simu inapoita, mapigo ya moyo hupanda, tumbo hukaza, mikono labda hutoka jasho. Wewe ni muuguzi, unaujua mwili wa mtu aliyetishika: homoni za tahadhari zimemwagika, na akili ya kupima mambo kwa utulivu imesukumwa pembeni. Unapotuma fedha, hali hiyo hutulia papo hapo. Utulivu huo ni tuzo, na ubongo hukumbuka njia iliyouleta. Kesho simu ikiita, ubongo utapendekeza dawa ileile. Gharama yake, yaani ada iliyokosekana na riba ya kausha damu, huja wiki kadhaa baadaye, na ubongo haufungamanishi vizuri raha ya sasa na maumivu ya mwezi ujao.

Kwa dada yako kuna mzunguko mwingine ambao umeueleza vizuri bila kuupa jina. Unanyamaza, na kinyongo kinajikusanya. Kinyongo kikizidi, unalipuka juu ya jambo ambalo huenda lilikuwa dogo. Baada ya mlipuko unaona aibu, na aibu inakufanya ulipe: unatuma fedha, unakubali jambo jingine, na unanyamaza tena. Dada yako hajawahi kusikia mpaka wako hata siku moja. Amesikia ukimya, ambao aliuelewa kuwa ni ridhaa, halafu akasikia matusi, ambayo aliyaelewa kuwa ni uchovu wa zamu. Fedha uliyomtumia ikamthibitishia kwamba hata wewe unakiri kosa lilikuwa lako. Kosa lako lilikuwa kufoka mbele ya watoto, na kwa hilo inafaa umwombe radhi yeye na watoto. Kuchoka kwako hakukuwa kosa, na hukupaswa kulipia uchovu huo.

Watu wengi huchukulia hatia kuwa ushahidi kwamba wametenda ubaya. Ninakuomba utenganishe mambo mawili. Ipo hatia inayokuja kwa sababu umevunja jambo unaloliamini, kama ulivyofoka. Ipo pia hisia inayofanana nayo kabisa kifuani, inayokuja kwa sababu tu umefanya jambo ambalo hujalizoea. Binti aliyelelewa kuwa mtulivu, mwenye kuwahi kusoma uso wa mkubwa na kutimiza kabla hajaambiwa, ataisikia hisia hii ya pili kila atakapokataa, hata akikataa jambo ambalo mtu yeyote mwenye busara angelikataa. Hisia hiyo hupungua kwa mazoezi. Haipungui kwa kuitii.

Tuje kwenye la kufanya. Una njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea kama ulivyo. Utabaki na sifa ya mtu mwema, na simu zitaendelea. Kwa mtu ambaye fedha zinamtosha, njia hii si dhambi. Kwako imekwisha kufika kwenye ada ya mtoto na mkopo wa kausha damu, kwa hiyo sioni kwamba bado ni chaguo. Unaweza pia kukata kabisa, usitume chochote kwa yeyote. Nimewaona watu wakifanya hivyo, na baadhi yao walikuwa na sababu za kweli, hasa walioumizwa na ndugu kwa vipigo au kwa wizi wa waziwazi. Sioni dalili ya hayo katika maelezo yako, na hasara yake kwako itakuwa kubwa: utapoteza shamba, utapoteza mahali pa kurudi, na watoto wako watawapoteza wajomba zao.

Njia ya tatu ndiyo ninayokushauri, nayo ni kutenga fungu. Kabla ya msimu, keti na daftari. Andika kinachoingia, kisha toa ya watoto, ya chakula, ya deni, ya akiba na ya kurudishia shambani, kwa maana mikorosho nayo inadai palizi na dawa. Kinachobaki, amua ni kiasi gani ni cha ukoo kwa mwaka mzima. Kiwe kiasi ambacho ukikitoa hutakuwa na kinyongo. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko asilimia yoyote. Fedha za ada zilipwe shuleni siku zinapoingia, zisikae kwenye simu. Fungu la ukoo likiisha, limekwisha hadi mwaka unaofuata. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kumhukumu kila mwombaji kama anastahili au la, jambo ambalo lingekufanya adui wa nusu ya ukoo. Gharama yake ni kwamba mwaka wa kwanza utalaumiwa, na siku moja atakuja mwenye shida ya kweli fungu likiwa limeisha. Kwa ajili hiyo acha sehemu kidogo ya fungu mpaka mwisho, kwa ugonjwa na msiba tu.

Jambo hili mwambie mjomba ana kwa ana, na umwambie kabla minada haijaanza. Panda gari uende Newala, mpelekee sukari au kitenge cha shangazi kama ilivyo desturi, na uzungumze naye mkiwa wawili, si mbele ya watu watakaomfanya ahisi kwamba anavuliwa heshima. Maneno yanaweza kuwa haya: “Mjomba, shikamoo. Nimekuja mwenyewe kwa sababu sitaki tulizungumze kwenye simu. Ulinisomesha na sijasahau. Mwaka jana nilikosa ada ya mwanangu nikaingia kwenye mkopo wa riba, na sikukuambia kwa sababu niliona haya. Mwaka huu nimetenga shilingi 200,000 kwa mambo ya ukoo. Nitakukabidhi wewe korosho zikilipwa, uzigawe unavyoona, na zikiisha sitaweza kuongeza.” Kiasi ni mfano tu, chako unakijua wewe. Ona kwamba maneno hayo yanamwachia nafasi yake. Umemfanya kuwa mgawaji, badala ya mwombaji anayelazimika kukupigia mara nne, na kwa mzee mwenye mlango uliojaa watu huenda hilo likawa nafuu. Anaweza sasa kuwaambia walioketi barazani kwamba fungu la mpwa wake limeisha.

Usieleze zaidi ya hapo. Kila sababu ya ziada unayoitoa ni jambo jipya la kubishania. Ukisema huwezi kwa sababu ya ada, utaambiwa shule ingoje. Ukisema ni mabati ya kwako, utaulizwa ulinunua mangapi. Huhitaji mjomba akubaliane na hesabu zako. Unahitaji tu ajue utafanya nini.

Ombi likija kwa simu, usilijibu hapohapo. Mwili uliotishika hufanya maamuzi ya kujiokoa. Sema, “Nimekusikia mjomba, niko kazini, nitakujibu kesho jioni,” kisha kesho jioni umjibu kweli. Ukikwepa, ukazima simu au ukajidai mtandao ni mbovu, utakuwa umerudi kwenye ukimya uleule uliokuchosha.

Jiandae kwa jambo moja ambalo huwaangusha wengi. Ukianza kushikilia, msukumo utaongezeka kabla haujapungua. Mtu aliyezoea kwamba simu ya nne hufaulu, ikishindikana, atapiga ya tano na ya sita. Huenda shangazi akaagizwa aseme nawe, na utasikia kwamba umebadilika tangu uolewe, kwamba unaringa. Wengi huona hali hiyo wakadhani wameharibu, wakatuma. Ukituma simu ya saba, umefundisha kwamba saba ndiyo idadi. Ni bora usianze kabisa kuliko kuanza na kukatia hapo. Ukishikilia kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya heshima, watu wengi hutulia ndani ya msimu mmoja au miwili. Wachache hawatulii, na kwa hao utalazimika kuishi na manung’uniko yao.

Kuhusu radhi, sitajifanya kwamba ni jambo dogo au ushamba. Kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba neno la mjomba lina baraka na lina madhara, tishio la kunyimwa radhi huingia mpaka kwenye usingizi. Ninaweza kusema hili kama mshauri: katika ninavyofahamu mila na dini za huku, radhi hupotea kwa dharau, kwa kumtelekeza mzee, kwa kumdhulumu. Kumwambia kwa heshima kiasi unachoweza si lolote kati ya hayo. Lakini usinitegemee mimi peke yangu. Chagua mkubwa mmoja unayemwamini, awe mjomba mwingine, bibi, shekhe au padri, umweleze jambo lote kabla hujaenda kwa mjomba. Pamoja na nuru utakayopata, utakuwa na mtu wa kusema neno kwa ajili yako maneno yakianza kuzunguka kijijini.

Kwa dada yako mambo ni mepesi zaidi, ingawa huenda yasionekane hivyo kwako. Muombe radhi kwa kufoka, bila kutuma kitu. Wiki nyingine, si siku hiyohiyo, mwambie likizo zipi unaweza kuwapokea watoto, kwa siku ngapi, na kwamba unahitaji kujua wiki mbili kabla ili upange zamu zako. Watoto wakifika bila taarifa, usiwarudishe njiani wala usiwafanye wajione mzigo, kwa maana hawakukata tiketi wao. Wapokee, kisha umwambie mama yao tarehe ya kuwarudisha, na tarehe hiyo ikifika wapandishe basi. Hilo ukilifanya mara moja litaeleweka kuliko maneno ya mwaka mzima.

Sasa jambo la mume wako. Ninaweza kuamini kwamba amechoka kwa dhati, na kwamba ameona ada ya mtoto wake ikiondoka. Ana haki ya kuuliza, ana haki ya kushiriki bajeti ya nyumba, na ninyi wawili mnaweza kukubaliana kwamba hakuna anayetoa zaidi ya kiasi fulani bila kumwambia mwenzake. Hayo ni mapatano, na yanawafunga wote wawili. Kuchukua kadi na simu ya mtu mzima ni jambo jingine. Ukimpa, utakuwa umehamisha uamuzi kutoka kwa mjomba kwenda kwa mume, na wewe utabaki pale ulipokuwa, mtu anayeamuliwa. Hutajifunza kusema hapana, kwa sababu atakuwa anaisema yeye, na ndugu zako watamchukia yeye.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume, na kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia mali yake. Mshahara wako na sehemu yako ya shamba haviwi vyake kwa sababu amekuoa. Sikuambii hivi ili uende nyumbani ukamsomee vifungu. Mwambie kwa utulivu, siku ambayo hamjagombana: “Umeona sahihi kwamba nimezidiwa, na nimeanza kulirekebisha. Twende pamoja kwenye daftari. Kadi na simu nitabaki navyo mwenyewe.” Kisha mwangalie anavyolipokea. Mume aliyekuwa akitafuta usalama wa nyumba atanung’unika kidogo, ataketi kwenye daftari, na siku chache baadaye mambo yatatulia. Kama badala yake atakasirika kwa namna inayokutisha, atachukua simu kwa nguvu, atakuzuia kwenda kwenu au kazini, atahesabu dakika zako za kurudi kutoka zamu, au atakuinulia mkono, tambua kwamba tatizo hilo halihusu ndugu tena. Ushauri wote nilioutoa hapo juu, wa kusema wazi na kushikilia, haufai kwa mtu anayeweza kukudhuru. Kwa mtu wa namna hiyo kushikilia msimamo mkiwa wawili chumbani kunaweza kuongeza hatari, na usalama wako ndio unaotangulia. Sheria hiyohiyo haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenzake.

Ukiona dalili hizo, zungumza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Mkiwa na mgogoro usio na vitisho na mnahitaji mtu wa kati, lipo baraza la usuluhishi la ndoa la kata, na kwa wenye kupenda kuanzia kwenye imani yao, viongozi wa dini nao hufanya kazi hiyo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kukueleza haki zako juu ya shamba bila malipo. Na ninakushauri uwaone hata mambo yakiwa shwari, kwa sababu shamba la marehemu lisilo na maandishi ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Umesema pia kwamba hulali vizuri. Kukosa usingizi siku chache baada ya ugomvi ni kawaida. Ikiwa imefika wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na umeanza kupoteza hamu ya chakula, ya kazi au ya watoto wako, au unalia bila kujua sababu, hapo nenda ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili uso kwa uso, maana jibu la maandishi kama hili halitoshi. Najua kwamba kwa muuguzi wa Masasi ni vigumu kuketi kwenye benchi la hospitali ambako kila mtu anamfahamu. Unaweza kwenda Ndanda, au Ligula mjini Mtwara, au Sokoine mjini Lindi, na kuuliza huduma hiyo kule ambako hufanyi kazi na huonani na wenzako wa zamu. Na ikitokea hata mara moja ukafikiria kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje wiki mbili wala usiogope wenzako wa zamu: mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyohiyo, na mwende pamoja hospitali iliyo karibu zaidi.

Kausha damu ulipe kwanza, kabla ya fungu la ukoo, kwa sababu riba yake haingoji msimu. Ukishapanga safari ya Newala, nenda siku ambayo hutoki zamu ya usiku, ukiwa umelala na umekula, na kiasi ulichokiamua kiwe kimeandikwa kwenye karatasi ndani ya mkoba wako.